Maswali Yenu: Hiyo Sheria ya Kwenye Klipu, Nani Kaihakiki?

Toleo lililopita niliwaomba mnitumie skrinshoti na klipu za sheria mnazokutana nazo mtandaoni, zile za "ulikuwa unajua?" na "shea kabla hawajaifuta". Jamani, mmetuma. Nimekaa na wakili wetu tumezipitia na humu nimeweka chache. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mhariri, sio wakili. Kazi yangu ni kumsumbua mwandishi kwa maswali mpaka anikasirikie, na wakili kazi yake ni kusaini au kugoma kusaini. Majina yenu hatuweki. Na haya ni maelezo ya jumla tu, kesi yako wewe inahitaji mtu atakayeyaona makaratasi yako kwa macho yake.

Dada mhariri, shikamoo. Niko Tabata. Naishi na mwanaume mwaka wa tano huu, tuna mtoto mmoja, ndoa hatujafunga. Nimeona klipu, kaka mmoja kavaa suti anasema mkikaa pamoja miezi sita tayari ni mke na mume kisheria na mkiachana mali ni nusu kwa nusu. Imependwa na watu wengi mno. Juzi mwenzangu kaanza kuniambia nirudi kwetu. Ile klipu naweza kuitegemea?

Marahaba mdogo wangu. Usiitegemee, ila usikate tamaa pia, maana kwenye ile klipu kuna ukweli kidogo uliochanganywa na vitu vya kuokota.

Tuanze na miezi sita. Kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 haipo. Kifungu kinachozungumzia watu waliokaa pamoja bila kufunga ndoa ni cha 160, kwa namba tulizozizoea, na kinasema miaka miwili au zaidi. Wewe una mitano kwa hiyo hapo umepita, lakini sasa angalia kaka wa suti alichokiruka: muda peke yake hautoshi. Lazima mmeishi kwa namna ambayo watu wanaowazunguka wanawajua kama mke na mume, yaani majirani, ndugu wa pande zote mbili, mjumbe, watu wa kazini kwake. Mwanaume anayekuja wikiendi na kuondoka Jumatatu hata miaka kumi, hiyo ni hadithi nyingine.

Halafu kuna kitu cha tatu ambacho karibu kila klipu inakiacha. Sheria haisemi mnakuwa mke na mume, inasema mahakama itadhania hivyo, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Mwenzako akileta cheti kwamba ana ndoa ya kikristo na mwanamke mwingine ambayo haijavunjwa, dhana inaanguka hapo hapo, kwa sababu mwenye ndoa ya mke mmoja hana uwezo wa kuoa mwingine. Kwa hiyo ulizia hilo mapema. Lakini hata dhana ikianguka hicho hicho kifungu cha 160, fungu lake la pili, kinairuhusu mahakama kutoa amri za matunzo yako na ya mtoto na nafuu nyingine, hauondoki mikono mitupu kirahisi rahisi.

Nusu kwa nusu nayo haipo. Mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja kwenye kuzipata mali. Na kwenye mchango ndo kuna ile kesi ambayo kila mtu mtandaoni anaitaja, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, nazo ni mchango. Hiyo ni kweli na ni nguzo mpaka leo. Ila wanaoitaja wengi wameishia kwenye hiyo sentensi moja, wangesoma mpaka mwisho wangekuta Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja lakini mgao hakuongezewa, kwa sababu ya jinsi mahakama ilivyoona alivyozitumia hela alizopewa na mumewe kwa ajili ya familia. Sasa ukienda mahakamani umebeba hiyo kesi kama tiketi ya nusu, wakili wa upande wa pili anakusubiri.

Cha kufanya sasa hivi: kusanya vitu vinavyoonyesha mlivyoishi. Kadi ya kliniki ya mtoto, risiti za vifaa vya ujenzi kama mmejenga, mkataba wa pango wenye majina yenu, picha za misiba na harusi mlizokwenda pamoja kwenye familia. Kisha mwone afisa ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria wa kata yako, huduma hiyo iko chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na kwa asiye na uwezo ni bure. Ukipigwa au kutishiwa, usisubiri ustawi, nenda dawati la jinsia polisi.

Salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Sie huku tulibishana nyumbani mpaka chakula kikapoa. Mke wangu ana posti yasema Mahakama ya Juu imepitisha mali ya ndoa igawanywe nusu kwa nusu. Mimi nina posti yasema Mahakama ya Juu imekataa nusu kwa nusu. Zote za Januari 2023. Nani muongo?

Hakuna muongo, na hii ndo barua niliyoipenda kuliko zote mwezi huu. Posti zote mbili zimetoka kwenye hukumu moja!

Ni ile inayojulikana kwa herufi, JOO dhidi ya MBO, ya tarehe 27 Januari 2023. Mume na mke waliachana. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba na 20 ya nyumba za kupangisha, akaenda Mahakama ya Rufaa akapewa nusu, mume hakuridhika akapanda Mahakama ya Juu. Majaji wakasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya inayosema wanandoa wana haki sawa haina maana kwamba kila anayeachana anachukua nusu moja kwa moja, kila mtu aonyeshe mchango wake, wa fedha au usio wa fedha. La pili, kwa wale wawili waliokuwa mbele yao, mke alikuwa ameonyesha mchango wake wa kutosha, kwa hiyo ile nusu ibaki. Rufaa ya mume ikatupwa.

Sasa mwandishi mmoja akachukua matokeo ya kesi akaandika kichwa cha habari, mwingine akachukua kanuni iliyowekwa naye akaandika chake. Kila mmoja ukimbana ana ukurasa wa kukuonyesha. Ndo maana kwetu hapa swali la kwanza kwa mwandishi wa habari ya mahakama ni hili, unanipa walichoamuliwa hawa watu wawili au unanipa kitakachonihusu mimi kesho? Mwambie mkeo kanuni ya huko kwenu ni mchango, sio nusu. Na wewe usichekelee sana, kumbuka mama wa kwenye kesi aliondoka na nusu yake. Hukumu nzima iko kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, someni pamoja.

Na ninyi wa Tanzania Bara mnaosambaziana hiyo hukumu kwenye magrupu ya vikoba, hiyo ni ya Kenya. Hakimu wa Temeke haifuati.

Dada, mimi nilikuwa dereva kampuni moja Arusha, nikaachishwa kazi. Nilisoma mtandaoni kwamba una siku 60 kupeleka malalamiko CMA. Nikajipanga taratibu, nimekwenda siku ya 45 naambiwa nimechelewa, muda ni siku 30. Sasa ile taarifa ilikuwa ya uongo?

Pole sana kaka. Taarifa haikuwa ya uongo, na ndo ubaya wake. Kanuni za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndo hiyo CMA, Tangazo la Serikali namba 64 la 2007, zina namba mbili. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, mfano mshahara ambao hukulipwa, ni siku 60. Aliyeandika akachukua 60 akaiweka peke yake na wewe ukaisoma kwa shida yako.

Mlango haujafungwa kabisa. Kuna maombi ya kuongezewa muda, unaeleza sababu za kuchelewa, kila siku uliyochelewa uitolee maelezo, na tume inaangalia kama sababu zina uzito na kama malalamiko yenyewe yana mashiko. "Nilisoma mtandaoni" kama sababu haina nguvu, sikudanganyi. Kama uliugua, kama mwajiri alikuwa anakuzungusha kwa ahadi za kukurudisha na una meseji zake, hayo ndo ya kupeleka. Nenda leo, usinisubiri nikujibu tena.

Mambo dada. Mimi nasoma sheria mwaka wa tatu, Dodoma, nina ukurasa natoa elimu ya sheria kwa Kiswahili. Wiki iliyopita mtu kanikosoa hadharani kwamba kifungu nilichokitaja sicho, na mimi nimekitoa kwenye sheria yenyewe kabisa! Nyie mnahakiki vipi kabla ya kuchapisha?

Poa mdogo wangu. Hapa niachie nafasi maana hii ndo kazi inayonilipia kodi.

Kwanza hicho kifungu. Inawezekana wewe na aliyekukosoa mko sahihi wote. Mwezi Aprili 2025 ilizinduliwa Toleo la Urekebu la sheria zetu la 2023, na likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kabla yake tulikuwa na toleo la 2002, na baadhi ya sheria zilikuwa zimeshatolewa tena kwa toleo la 2019. Kwenye urekebu vifungu vilivyoongezwa miaka yote hiyo vinapangwa upya, kwa hiyo namba kwenye baadhi ya sheria zimesogea. Mwandishi anayeniletea "kifungu cha 41" bila kuniambia cha toleo gani namrudishia bila kusoma zaidi. Na hukumu za zamani zitaendelea kutaja namba za zamani milele, hazijakosea, zinasoma kitabu cha wakati wake.

Pili, PDF. Nyingi zinazozunguka kwenye WhatsApp ni sheria kama ilivyopitishwa siku ile, bila marekebisho. Mtu ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwenye simu anaona ana sheria kamili, wakati imeshachezewa mara kibao na marekebisho ya sheria mbalimbali, yale ambayo Bunge linabeba sheria kumi kwenye kapu moja kiasi kwamba jina la sheria halikwambii kabisa ndani kuna nini. Sisi tunaanza TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu iliyo chini ya Mahakama na ni bure, tunafungua sheria, tunatafuta historia yake ya marekebisho, halafu tunalinganisha na Gazeti la Serikali. Na kwa mgeni wa mambo haya, muswada sio sheria! Kila Bunge likikaa napokea posti zimeandikwa "sheria mpya" kumbe ni muswada umesomwa mara ya kwanza juzi. Ukipita bungeni, Rais asaini, uchapishwe, na hata hapo uangalie tarehe ya kuanza kutumika, kwa sababu mara nyingine inaachiwa waziri aitangaze. Hiyo hiyo sheria ya ajira imeandikwa 2004 lakini haikuanza kutumika mwaka huo.

Tatu, na hapa ndo wanafunzi wazuri wanajikwaa: kusoma sheria bila kusoma hukumu. Fungua Sheria ya Ndoa uone umri wa msichana kuolewa, utakuta miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama. Ukiandika hivyo na kuishia hapo umenukuu sawasawa na umepotosha watu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa tarehe 23 Oktoba 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja irekebishe, mwaka ukapita hivi hivi. Kwa hiyo karatasi inasema jambo moja na mahakama ya juu kabisa ya nchi imesema lingine, na msomaji ana haki ya kupewa yote mawili kwenye aya moja, sio moja leo na lingine mpaka mtu akukosoe.

Na hukumu nayo ina maisha yake. Ya Mahakama Kuu inaweza kuwa imeshapinduliwa juu. Tunauliza kila mara, ilikatiwa rufaa? Ikaishia wapi?

Sasa ofisini inakwenda hivi. Mwandishi analeta makala na pembeni ya kila namba, kila tarehe na kila "lazima", ameambatanisha ukurasa alipoitoa. Sio linki ya blogu ya mtu, ukurasa wa sheria au hukumu. Mhakiki anasoma makala kwanza bila kuangalia hivyo viambatanisho, anajiandikia alichoelewa, halafu ndo anafungua sheria aone kama alichoelewa ndo kilichomo. Hii inachelewesha, waandishi wanailalamikia, siiachi ng'o. Makosa mengi nayoyakamata sio ya mtu kusema uongo, ni ya msomaji kuelewa kingine, kama kaka wa Arusha hapo juu na siku zake 60. Baada ya hapo ndo wakili anasoma, na anasoma akiwa na kichwa cha habari tayari, kwa sababu kichwa huwa kinaandikwa mwishoni na mtu mwenye haraka, makala inakuwa safi halafu juu yake pameandikwa "Ukikaa miaka miwili umeolewa".

Kuna vitu wakili wetu anavikata bila mjadala. "Utashinda kesi" anakata. "Sheria inasema wazi" anaizungushia duara na kuuliza wazi kwa nani. Na neno Tanzania likikaa peke yake anauliza Bara au Zanzibar.

Chini ya makala tunaweka tarehe ya mara ya mwisho kupitiwa na jina la aliyepitia. Tarehe sio pambo. Mambo ya kodi na ada tunayarudia kila Julai kwa sababu Sheria ya Fedha ya kila mwaka inaanza tarehe 1 mwezi huo. Kima cha chini cha mshahara tunakirudia kila amri mpya ya mishahara inapotoka, ile ya 2022 iliyoanza Januari 2023 bado naiona inasambazwa kama ya jana. Na tukirekebisha, maelezo ya marekebisho yanakaa juu ya makala yanaonekana, hatufuti kimya kimya, kwa sababu kuna mtu alishasoma ya mwanzo na kuipeleka kwa mwajiri wake.

Wewe huna mhakiki wala wakili wa kukusainia, najua. Tafuta mwenzako wa darasani mbadilishane, kila mmoja amsome mwenzake kabla hajaposti. Na weka toleo la sheria pembeni ya kila namba ya kifungu kuanzia leo, hiyo haina gharama.

Mwanangu mhariri, hujambo. Mimi ni mstaafu, Tanga. Shamba langu nilimwachia mtoto wa dada yangu alime na kulitunza tangu 2009 wakati niko kazini mikoani. Sasa nimerudi, ananitumia ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa "ukikaa kwenye ardhi miaka 12 ni yako kisheria". Nimekosa usingizi.

Sijambo baba, shikamoo. Lala usingizi wako, kisha uamke ukafanye mambo mawili matatu.

Miaka 12 ipo kweli. Sheria ya Ukomo inamtaka anayedai ardhi afungue shauri ndani ya miaka 12, na kutoka hapo ndo likaja lile dai la mtu kukalia ardhi ya mwenzie mpaka mwenyewe akapoteza haki ya kuirudisha. Ila Mahakama ya Rufani imeliwekea masharti magumu. Kwenye rufaa ya madai namba 193 ya 2016, masista wa Holy Spirit dhidi ya January Kamili Shayo na wenzake 136, iliorodhesha anayedai hivyo aonyeshe nini: mwenye ardhi alikuwa ameitelekeza, yeye alikuwa akiikalia kwa wazi, hakuwa na haki nyingine yoyote zaidi ya kuingia na kukaa, na zaidi ya yote hakuwa na ridhaa ya mwenyewe. Shayo na wenzake, ambao ndo walikuwa wanadai hivyo, walikwama.

Mpwa wako aliingia kwa ridhaa yako. Mwangalizi, mpangaji au ndugu aliyekaribishwa, hata akae miaka 30, amekaa kwa jina la aliyemkaribisha. Aliyeandika ule ujumbe alikuwa na namba sahihi kabisa, akasahau neno moja tu, ruhusa.

Sasa usikae tu. Mwandikie barua kwamba ulimwachia kama mwangalizi na unalichukua shamba lako, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji, atie saini kwamba ameipokea. Tafuta wazee waliokuwepo siku unamkabidhi, maana umri nao unakwenda. Na hati au barua za kijiji kama unazo zisikae kwa huyo mpwa. Kabla ya kwenda baraza la ardhi jaribuni kikao cha ukoo, dada yako awepo, ila mtakachokubaliana kiandikwe.

Mimi nimeacha kuuliza mawakili, nauliza ChatGPT, inanijibu kwa Kiswahili safi na majina ya kesi inanipa. Kuna shida gani?

Majina ya kesi ndo shida yenyewe. Juni 2023 huko New York jaji P. Kevin Castel aliwapiga mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, kwa sababu walipeleka mahakamani hoja zenye hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, programu ilizitunga, na majina na namba zake zikiwa zimekaa vizuri kabisa. Hao ni mawakili, wamesomea. Wewe tumia kwa kukuelewesha lugha ngumu kama unataka, lakini kila jina la kesi litafute TanzLII. Lisipoonekana, usilibebe kwenda nalo popote. Likionekana fungua usome, mara nyingine kesi ipo kweli ila inahusu mambo ya mirathi na wewe una shida ya pango. Barua yako ilikuwa na kesi tatu, tumezitafuta, moja tu tumeipata na ni ya jinai.

Ya haraka haraka

*Niko Michenzani, Unguja. Hiyo Sheria ya Ndoa ya 1971 mnayoisema kila siku inanihusu?* Hapana. Ni ya Bara. Kwenu mambo ya ndoa ya Waislamu yako mahakama ya kadhi. Na ajira pia mna sheria yenu, namba 11 ya 2005, hizo siku 30 na 60 za hapo juu usizichukue.

*Nilishea ule ujumbe wa miezi sita kwenye grupu la familia, nitafungwa?* Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa huku akijua ni ya uongo na ana nia ya kupotosha au kuchafua. Adhabu yake sio ya kuchezea, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote. Wewe hukujua. Sasa unajua, kwa hiyo rudi kwenye grupu uwaambie.

*Sheria ya pango inakataza mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nimeona kwenye posti.* Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ambayo posti nyingi zinainukuu ilifutwa 2005. Angalia mkataba wako, na kama hauna mkataba wa maandishi anza na huo.

*Nitajuaje huyu wa kwenye klipu ni wakili kweli?* Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaandika jina unaona kama yupo na kama leseni yake iko hai mwaka huu. Kaka wa suti tulimtafuta kwa jina analotumia kwenye ukurasa wake. Hayumo.